Mashine ya umeme kwenye boti ya kuvulia: miezi 14 nayo Ghuba ya Tanga

Niseme mapema, asije mtu akanilaumu: kama unatafuta kitu cha kukuwezesha kuiuza mashine yako ya petroli, hiki sicho. Swali hilo nimeulizwa pale Deep Sea, soko letu la samaki Tanga, mpaka nimechoka. "Fundi, hii inafika Pemba?" Haifiki Pemba. Siku ya kusi hata kisiwa cha Ulenge, hapa hapa Tanga, sikushauri ujaribu. Watu wanaiita mashine ya umeme, na mimi nitaiita hivyo hivyo kwa kuwa ndilo jina lililozoeleka, lakini kazi yake ni kazi ya pondo, ule mti mrefu wa kusukumia chombo. Ni pondo lisilochoka wala kugonga ubavu wa boti, na linasukuma hata pale ambapo pondo la mjomba haligusi chini. Ukilinunua kwa akili hiyo utapata unachotaka. Ukilinunua kwa akili ya mashine, utarudi pwani umefungwa kamba nyuma ya ngalawa ya watu, na watacheka.

Boti yangu ni ya faiba, futi 14, na nyuma ina Yamaha ya farasi 15, ile ya kuchanganya oili. Mimi ni fundi umeme wa magari, kibanda changu kiko Ngamiani. Uvuvi ni wa Jumamosi na sikukuu. Mwenzangu ni mjomba, kaka yake mama, aliyeanza kuvua kwa ngalawa kabla mimi sijazaliwa, na mpaka leo hapandi chomboni bila pondo lake. Tunatoka alfajiri, tunapita kisiwa cha Toten, tunavua kandokando ya mikoko na kwenye miamba midogo ya ndani ya ghuba. Yeye anashusha mshipi wa mkono, anataka changu na chewa. Mimi narusha chambo cha plastiki kwa fimbo, nataka kolekole.

Sasa kolekole wa maji ya magoti ana masikio. Ukimfuata na Yamaha, hata ukiipunguza mpaka inataka kuzima, unaona maji yanapasuka mita 30 mbele yako, kundi limeshaondoka. Halafu mashine ya kuchanganya oili haipendi kutembezwa polepole asubuhi nzima. Plagi zinajaa masizi, ukitaka kuondoka inakohoa, unaanza kuvuta kamba huku mkondo unakupeleka kwenye mizizi. Nilikuwa natembea na plagi mbili mfukoni kama mtu wa dawa. Tiba ya zamani ni kuzima na kupiga pondo, na mjomba kwa pondo hana mpinzani. Ila ana miaka 71, na goti la kulia limeshamwambia basi.

Ya kwanza niliinunua Dar. Chapa yake siitaji wala duka silitaji, maana nusu ya kosa ni langu. Ilikuwa nyeusi, ina kibandiko cha ratili 55 za msukumo, bei ya kuvutia, na muuzaji akaniambia "baharini, ziwani, kokote, mkubwa". Sikuuliza swali la pili. Mimi, fundi, ninayewafokea wateja kila siku kwa kununua altaneta bila kusoma kibandiko!

Wiki ya tatu skrubu za kichwani zilianza kutoa machozi ya kutu. Wiki ya tano mashine ikawa inakwenda, inasita, inakwenda. Niliifungua juu ya meza ya kibandani. Kikombe cha chini, chenye mota, kilikuwa na maji ya chumvi yaliyochanganyika na grisi, yana rangi ya tui lililoharibika. Brashi za kaboni zimevimba, waya zimeota unga wa kijani. Nikatafuta yalipoingilia. Nyuma ya feni, pale shafti inapotokea, palikuwa na mshipi wa nailoni umejizungusha mara kumi na kitu, umekaza mpaka umekata mpira wa kuzuia maji. Mshipi wenyewe ulikuwa wangu, naujua kwa rangi. Kwa hiyo skrubu za kutu ni za muuzaji, mpira uliokatika ni wa kwangu. Tangu siku hiyo kila tukirudi navua feni, nafuta shafti kwa kitambaa, naangalia kama kuna uzi. Ni kazi ya dakika mbili, ufunguo mmoja. Ukinunua mashine yoyote ya aina hii, iwe ya bei gani, hiyo ndiyo huduma yake kubwa kuliko zote.

Baada ya msiba huo nikakaa chini na kufanya hesabu niliyopaswa kuifanya mwanzo.

Mashine hizi haziuzwi kwa nguvu za farasi. Zinauzwa kwa ratili za msukumo, na hapo ndipo wengi tunapopotea, kwa sababu ratili 45 masikioni inasikika kubwa kuliko farasi 15. Ratili 45 ni kama kilo 20: ndiyo nguvu ambayo feni inaisukumia boti ikiwa imefungwa kwenye gati. Kwa umeme, inakula ampea kama 42 kwenye volti 12, yaani wati 500 hivi. Farasi mmoja ni wati 746. Umeelewa sasa kwa nini Pemba haifiki.

Kanuni wanayoitumia watengenezaji ni ratili 2 za msukumo kwa kila kilo 45 za boti iliyobeba kila kitu. Nikapiga yangu: boti tupu kilo 180, Yamaha na tangi lake 60, mimi na mjomba 150, betri 30, nanga na barafu na vikorokoro 40. Jumla 460. Inatoka ratili 20 na kidogo. Lakini kanuni hiyo ni ya ziwa lililotulia, na sisi hapa bamvua linapanda na kushuka zaidi ya mita 3. Maji yote hayo yanapita kwenye mifereji ya mikoko yakiwa na haraka zake. Nikazidisha mara mbili. Ndivyo nilivyofika kwenye 45. Hiyo 55 ya kwanza ilikuwa tamaa tu, na tamaa hiyo inalipiwa kwa ampea.

Kitu cha pili ni urefu wa shafti, na nadhani ndicho watu wanakosea zaidi kuliko msukumo. Boti ikiwa majini, watu wamekaa, pima kutoka ukingo wa ubao wa nyuma mpaka kwenye maji. Yangu ni sentimeta 38. Feni inatakiwa izame sentimeta 25 hivi chini ya uso wa maji, na bado kuna mawimbi. Ile ya kwanza ilikuwa na shafti ya inchi 30. Kila wimbi dogo likinyanyua tezi, yaani nyuma ya boti, feni inatoka, inapiga hewa, inalia kama blenda tupu, na kolekole wanakwenda zao. Nilihitaji inchi 36. Ubao wako ukizidi sentimeta 40 kutoka majini, tafuta ya 42.

Cha tatu ni chumvi. Mashine nyingi za namna hii asili yake ni maji baridi. Minn Kota, jina kubwa kuliko yote kwenye biashara hii, ilianza mwaka 1934 huko Fargo, Marekani, na jina lenyewe limeunganishwa kutoka Minnesota na Dakota, nchi ya maziwa, mbali kabisa na bahari. Ndiyo maana wana familia mbili: nyeusi za ziwani, kama Endura, na nyeupe za baharini zinazoitwa Riptide. Ndugu zangu wa Mwanza na Kigoma, nyie Endura inawatosha, msilipie chumvi msiyokuwa nayo. Sisi wa pwani tutafute nyeupe, au chapa nyingine yoyote iliyoandikwa wazi kwamba ni ya baharini na yenye kipande cha zinki nyuma ya feni. Zinki hiyo ipo ili iliwe yenyewe badala ya chuma kingine. Ukiona imebaki kama ganda la karanga, badilisha; ukiona haijaliwa kabisa baada ya miezi mingi, basi imepakwa rangi au haigusi chuma, na kinacholiwa ni kitu kingine.

Nilichonunua mwishowe ni Riptide ya nyuma, ratili 45, shafti inchi 36, volti 12, gia tano za mbele na tatu za nyuma. Mtoto wa dada yangu yuko Muscat. Aliiagiza, ikamfikia, akaja nayo likizo imefungwa kwenye kanga za mama yake. Mpaka naishika mkononi ilikuwa imekula 1,350,000. Ghali, ndiyo. Ile ya kwanza ilikuwa 600,000 na ilidumu wiki tano, piga mwenyewe.

Kijana huyo alitaka kunishawishi nichukue ya kufunga omoni, mbele ya boti, zile zenye setilaiti: unabonyeza kitufe, mashine inajishika yenyewe mahali pamoja bila nanga, inapigana na upepo na mkondo. Minn Kota wanaita Spot-Lock, na Garmin wana yao inaitwa Force. Alinitumia video, na kwa kweli nilitamani. Lakini zile kubwa zinataka volti 24 au 36, maana yake betri mbili au tatu, na boti ya futi 14 ikibeba betri tatu na mjomba, samaki watakaa wapi? Halafu siku bodi ya ndani ikifa, Tanga nzima fundi wa kuifungua ni mimi, na mimi sina vipuri vyake. Ya nyuma ina swichi, waya, brashi. Naijua.

Kuna njia nyingine, ya Wajerumani wa Torqeedo: Travel 1103 ina betri yake ya lithiamu juu ya kichwa, wati 1,100, na unaibeba vipande vipande. Hiyo ndiyo inayokaribia kuwa mashine kweli. Kwa mwenye hoteli anayepeleka wageni kuangalia ndege kwenye mikoko ningemwambia aitazame. Kwa bei yake mimi ningenunua boti ya pili.

Betri. Hapa ndipo pesa zinapopotelea, kwa hiyo nisikilize. Betri ya gari usifunge. Imetengenezwa kupiga stata kwa sekunde chache na kujazwa papo hapo. Ukiinyonya taratibu saa tatu kila wiki, sahani zake nyembamba zinakufa kabla ya mwezi wa tatu. Nilianza na ya jeli ya sola, ampea-saa 100, kilo karibu 30. Nilichukua klampu, kile kipimo cha ampea, nikapima kila gia, boti ikiwa inatembea maji yakiwa mafu: gia ya 1 ampea 11, ya 2 ampea 14, ya 3 ampea 18, ya 4 ampea 24, ya 5 ampea 41.

Ziangalie vizuri namba hizo. Kutoka gia ya 1 kwenda ya 2 unaongeza ampea 3 tu, lakini boti inabadilika kabisa. Mashine za gia tano zinapunguza mwendo kwa kupitisha umeme kwenye koili inayougeuza joto, kwa hiyo ukienda polepole sana unalipia joto la kupashia bahari. Zile zenye kidhibiti cha elektroniki, zinazokata umeme vipande vipande, hazina hasara hiyo, ila ni ghali na zina bodi. Mimi nimechagua koili kwa macho yangu mawili, na gia ya 1 siitumii.

Betri ya risasi usiishushe chini ya nusu kama unataka ikae. Nusu ni ampea-saa 50. Kwa gia ya 2 hiyo ni saa tatu na nusu, inatosha asubuhi yetu. Kwa gia ya 5, kalamu inasema saa moja na dakika kumi. Bahari inasema haifiki saa moja, kwa sababu betri ya risasi ukiikamua kwa pupa inatoa pungufu ya ilivyoandikwa. Mwaka jana nikabadilisha, nikanunua lithiamu ya ampea-saa 100, kilo 12. Hiyo unaitumia karibu yote, nguvu haipungui mpaka mwisho. Ubaya wake ni huo huo: haikuonyi. Ya jeli inachoka taratibu kama ng'ombe, unaona mwendo unapungua, unageuza. Lithiamu inakata tu. Siku ya kwanza ilitukatia katikati ya mfereji, mjomba akaniangalia bila kusema neno, akanyanyua pondo.

Waya: nimeweka wa milimita 16 za mraba kutoka betri mpaka mashine, na fyuzi ya ampea 60 karibu na nguzo ya chanya. Ukitumia waya wa spika, na nimeshaona mtu katumia, utapasha waya joto na mashine itapata volti 10. Mwisho wa waya bana kwa koleo la kubania, paka grisi, vika mpira. Chumvi haina huruma na shaba iliyo wazi.

Sasa asubuhi moja, muone yenyewe ikifanya kazi. Ilikuwa Februari, kaskazi imelala, maji mafu. Yamaha tukaizima mita 200 kabla ya mikoko. Nikashusha ya umeme, gia ya 2. Kinachosikika ni maji yanapita chini ya faiba, na kikohozi cha mjomba. Nikawa nafuata ukingo wa mizizi kwa umbali wa kurusha, mkono mmoja nyuma kwenye mpini, mwingine kwenye fimbo. Korongo mmoja kasimama kwenye matope, tukampita mita kumi hakuruka. Hapo nikajua. Mrusho wa nne au wa tano kolekole wa kilo mbili akachukua, akakimbilia kwenye mizizi. Nikapiga gia ya nyuma ya 2, boti ikamvuta taratibu kwenye maji wazi kabla hajajifunga. Pondo halifanyi hivyo. Mjomba mwenyewe alikiri, kwa namna yake: "Haya, ina adabu." Na tulipokuwa tunarudi, mzee mmoja aliyekuwa anatega madema akatupigia kelele kutoka kwenye mtumbwi wake, "Nyie, chombo kinasukumwa na nani?" Mjomba akamjibu kwamba ni jini la Muscat, amekuja likizo. Mpaka leo boti yetu inaitwa hivyo.

Isichoweza. Kurambaza nguru, yaani kumvutia chambo nyuma ya boti inayokwenda, nje ya ghuba haiwezi, jambo la kuchekesha kwa mashine ambayo Wazungu wameipa jina la kurambaza. Nguru anataka chambo kikimbie kilometa 10 kwa saa na zaidi. Hii kwa gia ya 5, bila upepo, simu yangu ilisoma 5.2. Na kuzidisha msukumo hakusaidii sana, kwa sababu feni zenyewe zimekatwa kwa ajili ya kusukuma, hazikukatwa kwa ajili ya kukimbia. Siku ya bamvua, maji yakitoka, ukijipeleka ndani ya mfereji mwembamba unapigana gia ya 5 na unasimama pale pale, unaangalia mkoko mmoja nusu saa. Kusi ikikaza usiishushe kabisa. Majani ya bahari nayo yanajifunga kwenye feni. Inajitahidi kuyakata, lakini kwenye malisho mazito utasimama kila mara kuyatoa.

Matumizi: kuchaji betri ikiwa tupu inakula uniti moja na nusu za LUKU hivi, haizidi shilingi 600. Petroli yetu ya Jumamosi imeshuka kutoka lita 11 mpaka 7, na plagi sijanunua tangu Agosti. Itarudisha pesa yake lini sijali sana. Ningekuwa mvuvi wa kutegemea bahari kwa ugali ningehesabu, na nadhani ningenunua nyavu kwanza.

Tukirudi naisuuza kwa ndoo moja ya maji ya bomba, kichwa hadi feni, naivua, naipeleka nyumbani begani. Haijawahi kulala kwenye maji hata usiku mmoja.

Jambo la mwisho, pini. Feni inashikwa na pini nyembamba ya chuma, na imewekwa ili ikatike yenyewe feni ikigonga kitu kigumu, mota ipone. Mwezi uliopita nilikata kona karibu mno, feni ikapiga mzizi, ikasikika "tak", mota ikawa inazunguka na boti imetulia. Maji yalikuwa yanatoka. Pini za akiba zilikuwa nyumbani, kwenye kikombe juu ya friji. Yamaha kwenye maji ya kina kile ingekula matope. Mjomba akatusogeza kwa pondo karibu nusu kilometa, goti lake likilalamika kwa sauti, mimi nimekaa omoni nimeshika mashine ya milioni moja na laki tatu na nusu mapajani. Pini nne sasa zimebandikwa kwa utepe ndani ya kifuniko cha boksi la betri, na ufunguo wake umefungwa hapo hapo kwa kamba.